Kwa nini muhogo mchungu humnyima mtu hewa ilhali anapumua

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya kata, Kanda ya Ziwa. Nilikuwa nafundisha upumuaji wa seli, mwanafunzi mmoja akasimama akaniuliza: wanasema sumu ya muhogo humuua mtu kwa kukosa hewa, lakini haizibi koo wala haiharibu mapafu, na mgonjwa anaonekana akihema kwa nguvu. Sasa hewa anaikosaje? Nilimjibu nilivyokariri, kwamba mitokondria ni kiwanda cha nguvu cha seli na sayanidi, ile sumu ya muhogo, hukisimamisha. Akakaa, lakini nilimwona hajaridhika, na mimi pia sikuridhika. Halafu bibi yangu anashikilia kwamba muhogo mchungu uvundikwe siku tatu na uliwe na dagaa. Siku tatu nazielewa. Dagaa wanahusikaje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako ameuliza jambo ambalo mimi nilimaliza shahada ya kwanza bila kuweza kulijibu, kwa sababu nami nilikuwa nimekariri hilo hilo la kiwanda. Maneno hayo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba ukishasema "kiwanda" kila mtu anaridhika na kufunga daftari, na hakuna anayeuliza ndani mna mashine gani. Kwa hiyo leo tukiweke kiwanda kando, tuulize kitu ambacho vitabu vya shule hukipita mbio: oksijeni unayovuta puani, inafika wapi na inafanya kazi gani?

Wengi wetu tunadhani oksijeni inachoma chakula jinsi moto unavyochoma mkaa. Si hivyo. Glukosi iliyotoka kwenye ugali ikiingia ndani ya seli, kwanza inakatwa vipande viwili nje kabisa ya mitokondria, na kazi hiyo haihitaji oksijeni hata kidogo. Faida yake ni ndogo: molekuli mbili za ATP, ile sarafu ambayo kila kazi ya mwili hulipiwa kwayo. Vipande hivyo huingia ndani ya mitokondria na kuzungushwa kwenye mzunguko wa Krebs. (Hans Krebs, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyekimbilia Uingereza mwaka 1933, alipeleka ugunduzi wake kwenye jarida kubwa la sayansi mwaka 1937, likamrudishia. Mwaka 1953 akapewa tuzo ya Nobel. Waambie wanafunzi wako, hasa wale waliofeli mtihani wa majaribio.) Kwenye mzunguko huo kaboni ya chakula inatoka ikiwa kaboni dayoksaidi, na ndiyo unayoitoa puani. Hata hapo oksijeni uliyoivuta bado haijaguswa.

Basi kinachovunwa ni nini? Ni elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi. Kazi yote ya kukatakata na kuzungusha chakula ni ya kukivua elektroni zake zenye nguvu na kuzipakia kwenye wabebaji maalumu, wanaozipeleka kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Bila shaka umewahi kuona watu wakimwaga zege la ghorofa. Mafundi wanajipanga mstari kutoka chini penye mchanganyiko hadi juu, na karai linapita mkono kwa mkono. Utando wa mitokondria una mstari wa namna hiyo, wa protini zilizojipanga, nazo zinapokezana elektroni. Kila elektroni inapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine inapoteza nguvu kidogo, na nguvu hiyo haipotei bure: baadhi ya protini hizo ni pampu, na zinaitumia kusukuma protoni (viini vya haidrojeni, vyenye chaji chanya) kutoka ndani ya mitokondria kwenda upande wa pili wa utando. Mwisho wa mstari anasimama fundi wa juu kabisa, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho saitokromu oksidesi. Huyu kazi yake ni kuikabidhi elektroni iliyochoka kwa mpokeaji wa mwisho.

Mpokeaji huyo ndiye oksijeni. Hiyo ndiyo kazi ya karibu oksijeni yote unayoivuta. Molekuli moja ya oksijeni inapokea elektroni nne, inachukua protoni nne zilizo jirani, na zinatoka molekuli mbili za maji. Mtu mzima aliyekaa kimya anatumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na karibu zote zinaishia hapo, kwenye mikono ya fundi wa mwisho, zikiwa maji. Chukua jibu hilo darasani uone nyuso zao: tunapumua ili elektroni zilizotumika zipate pa kwenda.

Protoni zilizosukumwa nje ya utando zinafanya nini? Fikiria bwawa la umeme la Kidatu. Maji yamejaa upande mmoja, yanataka kushuka, njia ni moja tu, nayo inapitia kwenye mtambo unaozunguka. Protoni nazo zimerundikana upande mmoja wa utando na zinataka kurudi. Tofauti ya umeme kati ya pande mbili za utando ni kama milivolti 150, yaani moja ya kumi ya betri ndogo ya tochi. Ni kidogo, utasema. Lakini utando wenyewe una unene wa nanomita tano au sita, mara elfu kumi chini ya unywele. Ukipiga hesabu ya volti kwa mita unapata milioni ishirini na tano hadi thelathini, wakati hewa ya kawaida inapasuka na kutoa cheche kwenye milioni tatu hivi. Ndani ya kila seli yako mna nguvu ya umeme inayoizidi ile inayohitajika kupasua hewa, imezuiwa na ukuta wa mafuta mwembamba kiasi hicho.

Njia ya kurudi ni protini inayozunguka, inazunguka kwelikweli, kama pangaboi. Kila mzunguko mmoja unatoa ATP tatu, na unaweza kuzunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi wenye kung'aa juu ya kimeng'enya hicho, wakakitazama kwa hadubini na kuuona uzi ukizunguka. Mwaka huo huo Paul Boyer wa Marekani na John Walker wa Uingereza walipata Nobel kwa kueleza mtambo unavyofanya kazi. Wazo la bwawa lenyewe lilitolewa na Peter Mitchell mwaka 1961, na kwa miaka mingi wenzake walimwona kama mtu aliyepotoka. Alikwenda kufanyia utafiti kwenye jumba kuukuu alilolikarabati mwenyewe huko Cornwall, mbali na vyuo vikuu. Nobel ilimfuata mwaka 1978.

Kwa mtambo huo glukosi moja inatoa ATP kama 30 (vitabu vya zamani viliandika 36 au 38, na mitihani mingine bado inazitaka), badala ya mbili zile za mwanzo. Mwili wako wakati wowote una ATP isiyozidi robo kilo, lakini kwa siku moja unatengeneza, unatumia na kuitengeneza tena kiasi kinachokaribia uzito wako mzima. Sarafu ni chache, mzunguko ni wa kasi. Ndiyo maana mambo yakisimama, hayasubiri kesho.

Naomba nitoke njiani kidogo. Bwawa linaweza kuharibika kwa namna mbili: maji yakome kuingia, au ukuta utoboke. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Ufaransa walioshika kemikali ya baruti iitwayo dinitrofenoli walianza kukonda, kutokwa jasho na kuungua homa, na baadhi yao wakafa. Kemikali hiyo inatoboa utando: elektroni zinapita, oksijeni inatumika, chakula kinakwisha, lakini protoni zinarudi kinyemela bila kuzungusha mtambo, na nguvu yote inageuka joto. Mwaka 1933 huko Stanford ikaonekana kuwa ni dawa nzuri ya kupunguza unene! Watu wengi wa Marekani waliimeza, wengine wakapofuka kwa mtoto wa jicho, wengine wakafa, hadi sheria ya mwaka 1938 ilipoikomesha. Bado inauzwa kwa siri mtandaoni, na Uingereza iliiweka kwenye orodha ya sumu zinazodhibitiwa mwaka 2023. Ukimsikia mtu anauza "vidonge vya kuchoma mafuta" vinavyokutoa jasho ukiwa umekaa, mkimbie. Mtoto mchanga naye hufanya ujanja huo huo kwa makusudi na kwa kipimo, kwenye mafuta ya kahawia ya mgongoni, ili apate joto bila kutetemeka.

Turudi kwenye muhogo, ambao kosa lake ni lile la kwanza.

Fundi wa mwisho, ile saitokromu oksidesi, ana madini ya chuma na shaba, na ndipo oksijeni inaposhikwa. Sayanidi inajibana kwenye chuma hicho. Haigombani na mapafu, haizuii damu. Inakaa tu mahali pa oksijeni. Sasa rudi kwenye zege: fundi wa juu amefungwa mikono. Aliye chini yake ana karai mkononi na hana wa kumpa. Wa chini yake vilevile. Muda si mrefu mstari mzima umesimama, kila mtu na karai lake, na huko chini mchanganyiko unaganda. Pampu hazisukumi tena, bwawa linakauka, mtambo unasimama. Oksijeni ipo, imejaa, imeletwa hadi mlangoni. Hakuna wa kuipokea.

Hilo ndilo jibu la mwanafunzi wako, na daktari mwangalifu huliona kwa macho. Damu inayorudi moyoni kutoka kwenye viungo kwa kawaida ni nyekundu iliyokolea kwa sababu imeshaacha sehemu ya oksijeni yake. Kwa mgonjwa wa sayanidi inarudi ikiwa nyekundu angavu, na oksijeni yake haijashushwa. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 huku ubongo unazimika. Mgonjwa anahema kwa nguvu kwa sababu seli, zikikosa mtambo, zinarudi kwenye njia ya kale ya ATP mbili mbili na kujaza damu asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayoyachochea mapafu. Wa kwanza kuumia ni ubongo, ambao ni asilimia mbili tu ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya oksijeni, na moyo, ambao karibu theluthi ya ujazo wa seli zake ni mitokondria. Seli nyekundu za damu hazidhuriki kwa njia hii kwa sababu hazina mitokondria kabisa. Zinabeba oksijeni maisha yao yote na hazionji hata tone, kama dereva wa lori la mafuta anayepanda baiskeli.

Wanafunzi watakuuliza tofauti yake na jiko la mkaa lililoachwa chumbani. Ile hewa ya mkaa, monoksaidi ya kaboni, hasa inashambulia lori: inakaa kwenye himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ili oksijeni isipande. Sayanidi inaliacha lori lifike, inafunga ghala.

Nikuongezee jambo linalonifurahisha kila nikilifundisha. Mstari huu wa elektroni uligunduliwa kwa msaada wa sumu yenyewe. Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Nobel mwaka 1931, aliona kwamba sayanidi kidogo sana inasimamisha upumuaji wa seli, na kwa kuwa sayanidi hupenda chuma, akahitimisha kwamba kimeng'enya anachokitafuta lazima kiwe na chuma. Mwaka 1925 David Keilin huko Cambridge, aliyekuwa akichunguza wadudu, inzi wa farasi wakiwemo, aliona kwa kioo cha kupambanua mwanga mistari ya rangi ikitokea na kupotea ndani ya misuli ya wadudu hai kulingana na oksijeni. Hizo ndizo saitokromu. Muuaji ndiye aliyeonyesha nyumba.

Sasa muhogo wenyewe, na ujanja wake ni wa kupendeza. Mmea hauhifadhi sayanidi. Ungejiua, maana nao una mitokondria. Unahifadhi kitu kiitwacho linamarini, sukari iliyofungiwa sayanidi ndani yake, kwenye kifuko katikati ya seli. Kimeng'enya cha kuifungua kimewekwa mbali, kwenye ukuta wa seli. Panya akitafuna, nguruwe pori akifukua, kuta zinavunjika, viwili vinakutana, sayanidi inatoka mdomoni mwa mwizi. Muhogo mtamu una chini ya miligramu 50 za sayanidi kwa kilo ya muhogo mbichi; mchungu una zaidi ya 100 na unaweza kufika mamia. Si kwa bahati tu wakulima wanaupenda mchungu; wanaupenda kwa sababu ngedere na nguruwe hawaupendi. Na mwaka wa ukame sumu inaongezeka kwenye mmea ule ule.

Kwa hiyo siri ya kuondoa sumu ni kufanya kile ambacho mwizi hufanya, lakini kabla ya kula: vunja seli, kutanisha linamarini na kimeng'enya chake, iache sayanidi itoke. Kuvundika majini kunalainisha mzizi, seli zinapasuka, sayanidi inatokea humo humo. Asidi ya sayanidi inachemka kwenye nyuzi kama 26 za Selsiasi. Mchana wa kawaida kwetu unazidi hapo! Inaondoka na maji, inaondoka na upepo. Siku tatu zinaondoa zaidi ya asilimia 90. Siku moja haitoshi, kwa kuwa seli nyingi bado nzima.

Kwa mantiki hiyo hiyo utaona kwa nini kuchemsha muhogo mchungu mzima si kinga. Joto linaua kimeng'enya haraka, linamarini inabaki imefungiwa salama, unaila, na bakteria wa tumboni wanaifungua taratibu. Nyingine inatoka na mkojo bila kufunguliwa, lakini hupangi wewe kiasi. Na ndiyo maana makopa yaliyomenywa na kuanikwa juani tu yanabaki na sumu kuliko udaga uliorundikwa ukaota ukungu kwanza: kimeng'enya kinahitaji maji ili kifanye kazi, na jua kali linakausha kabla hakijamaliza. Kiwango cha juu cha sayanidi kinachokubalika kimataifa kwenye unga ni miligramu 10 kwa kilo. Mwezi Septemba 2017 huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula ugali wa muhogo, wa kwanza wao wakiugua baada ya mlo wa mazishi. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88. Kwa macho, unga huo haukuwa na tofauti na mwingine.

Unga ukiwa umeshasagwa na huuamini, ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na ikatumika vijijini Kongo. Changanya unga na maji hadi uloane wote, utandaze mwembamba usiozidi sentimita moja, uache kivulini saa tano au juani saa mbili, halafu upike siku hiyo hiyo. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga kinaamka na kumaliza kazi yake.

Sasa dagaa, ambao nimewaweka nyuma kwa makusudi.

Mwili hauko uchi mbele ya sayanidi. Una kimeng'enya kiitwacho rodanesi, kingi kwenye ini na figo, kinachochukua sayanidi na kuibandika salfa, ikawa thiosayaneti, kitu kisicho hatari sana kinachotoka na mkojo. Na rodanesi inakaa wapi? Ndani ya mitokondria, nyumba ile ile inayoshambuliwa. Askari wa zamu analala ghalani. Kasoro yake ni moja: risasi zake ni salfa, na salfa mwilini inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, ambazo zimejaa kwenye samaki, mayai na nyama. Maharage yanazo pia, kwa uchache. Muhogo wenyewe una protini kama asilimia moja tu, na hizo mbili ni haba ndani yake. Anayekula muhogo mtupu anaingiza adui kila siku na haleti risasi. Bibi yako hakuwa na neno salfa, lakini dagaa aliwaweka mahali pake.

Ukitaka kuona kinachotokea dagaa wakikosekana, soma habari za konzo. Daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, Kongo. Kwa Kiyaka, lugha ya huko, konzo ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, na haifunguki tena maisha yake yote, ingawa haizidi kuharibika. Hupata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Neva zinazoumia ni zile zinazobeba amri kutoka kwenye ubongo kushuka kwenye uti wa mgongo. Haimpati aliyekula sumu nyingi mara moja. Inawapata waliokula muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri wiki baada ya wiki bila protini ya maana. Msumbiji ilikumba watu zaidi ya elfu moja kwenye ukame wa 1981, mkoani Nampula, walikoiita mantakassa. Tanzania ilionekana Tarime mwaka 1985, tena baada ya ukame. Kwa mwalimu wa Kanda ya Ziwa hayo si mambo ya mbali.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Bandundu, Kongo. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, muhogo ukapata soko. Wanawake waliokuwa wakiuvundika siku tatu wakaanza kuutoa majini baada ya siku moja, lori linasubiri. Kwenye vijiji vile konzo ikaja. Ukame unajulikana kwamba huleta njaa na njia za mkato. Hii ilikuwa barabara, maendeleo yenyewe, na mkato ulikuwa wa siku mbili tu za maji.

Thiosayaneti nayo ina deni lake: inazuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walihusisha muhogo na rovu, uvimbe wa tezi hiyo ya shingo, lililoenea huko, kwa sababu madini joto yenyewe yalikuwa haba kwenye chakula. Chumvi yenye madini joto ni mwenzake dagaa kwenye sahani hiyo.

Iwapo mtu ameshakula na ndani ya saa chache anaumwa kichwa, kizunguzungu, anatapika, moyo unakwenda mbio na anahema, ni hospitali mara moja, watoto kwanza kwa kuwa miili yao ni midogo na kipimo ni kile kile cha sufuria. Dawa zinafuata mantiki tuliyokwisha kuiona. Thiosalfeti ya sodiamu inampelekea rodanesi salfa kwa sindano, dagaa wa dharura. Haidroksokobalamini, ndugu wa vitamini B12, ina kobalti inayonasa sayanidi na kutoka nayo kwenye mkojo unaogeuka mwekundu. Kile kinachoundwa ni vitamini B12 ya kawaida. Sumu inaingia mwilini ikiwa muuaji, inatoka ikiwa vitamini.

Jambo la mwisho darasani, ukibakiwa na dakika tano. Mitokondria zina jeni zake zenyewe, 37 tu, kwa sababu zamani zilikuwa bakteria waliomezwa na seli nyingine wasimeng'enywe. Lynn Margulis ndiye aliyelipigania wazo hilo kuanzia 1967, nalo lilicheleweshwa kama la Mitchell. Na zote unazirithi kwa mama peke yake. Kama huyo bibi ni mzaa mama, mitokondria unazosomea barua hii ni za kwake, na ana haki zote za kukuamrisha namna ya kuzilisha.

Mpe salamu zangu. Mwulize pia kisamvu chake: anakitwanga kikiwa kibichi ndipo anakichemsha, au anakichemsha kwanza? Nadhani najua atakavyojibu, lakini nataka mwanafunzi wako alisikie kwake, kisha aeleze yeye kwa nini.